Kona ya Asha

Baba Zuhura wangu,

Leo asubuhi wapima viwanja wamefika huku Pasiansi. Bwana mmoja mwenye kofia pana alikuwa anapigilia kigingi, nikamwambia, "Mwanangu, hapo unapigilia katikati ya uwanja wa mbio za pikipiki." Akatazama majani, akatazama mbuzi wangu, akanitazama mimi. "Mama, hapa hapajawahi kuwa na uwanja." Nilitaka kumjibu vibaya, unanijua. Nikageuka kutafuta mtu wa kunishuhudia, hapakuwa na mtu. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ingawa najua ulipolala barua hazifiki.

Mlianza kwa ubishi tu, wewe na Ramesh, mtoto wa mwenye duka la spea. Ulimtengenezea pikipiki kwenye karakana yako ya Mabatini, akalalamika kuwa bado ni nzito. Ukamwambia mzito ni yeye. Mkaja kumaliza ubishi huku, kwenye uwanda ambao ng'ombe wa jirani yetu Masanja walipita kushuka ziwani kunywa maji. Jumapili iliyofuata watu wakaja kutazama. Baadaye wakaja na watoto na mihogo ya kuchoma. Hakuna aliyetoa ruhusa, na uwanja ukawa uwanja.

Na kazi yake je! Masika ikikoma, udongo ukiwa na unyevu bado, Masanja aliwazungusha ng'ombe wake humo mpaka ardhi ikashikana kama sakafu. Kiangazi ilikuwa zamu yetu wanawake. Kila mwendeshaji alikuwa na kona yake, na watu wa nyumbani kwake ndio walioimwagia maji ili vumbi lilale. Mimi nilipewa kona ya upande wa ziwa. Nilipandisha maji kwa debe mpaka shingo ikauma, kisha nikasimama palepale na debe tupu, nawe ukipita unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Kidole kimoja! Mbele za watu ulikuwa na haya kama bibi harusi, lakini kile kidole kilinitosha wiki nzima.

Na siku ile uliposimama? Uchungu ulinishika kabla sijafika ziwani, wanawake wenzangu wakanirudisha nyumbani, na pikipiki zilikuwa zimeshaanza kunguruma. Mengine nilisimuliwa. Ulikuwa unaongoza, Ramesh yuko nyuma anakula vumbi lako, ukafika konani ukakuta udongo mkavu na mimi sipo. Ukazima pikipiki. Katikati ya mashindano, mume wangu! Watu wanapiga kelele, "Nenda! Nenda!" nawe unauliza tu, "Asha yuko wapi? Asha yuko wapi?" mpaka mama mmoja akakuambia. Ukaitupa pikipiki pale, ukaja nyumbani mbio kwa miguu, pikipiki nzima ina mafuta! Ulipoingia, vumbi mpaka kwenye kope, Zuhura alikuwa ameshalia kilio chake cha kwanza. Mji mzima ulikucheka. Tangu siku hiyo wakaiita Kona ya Asha, nawe ukajifanya umenuna.

Mwaka wa Uhuru ulikuwa wa mvua, lakini nani angewazuia? Masanja aliwaleta ng'ombe asubuhi wakanyage matope. Kosa letu ni kwamba tuliwaacha karibu. Ngoma zikalia, pikipiki zikaanza kuzunguka, na ng'ombe nao wakaona zamu yao imefika. Wakaingia uwanjani, wakazunguka kama walivyozoea, polepole, mikia inafukuza nzi, nanyi nyuma yao mnapiga honi bure. Ramesh alicheka hadi akaanguka matopeni. Ukamwita Masanja awatoe. Akajibu, "Waache wamalize. Uhuru ni wa wote." Aliyeshinda ni ng'ombe mwekundu, ukamfunga kitambaa cha kijani kwenye pembe. Siku hiyo nilidhani tutazeeka hivyohivyo, tukicheka.

Kumbe. Homa ikakuchukua. Jumapili moja Ramesh alijaribu kuzunguka peke yake, akazunguka mara moja, akazima. Alipokuja kuniaga, anahamia Uingereza na wazazi wake, alisema, "Shemeji, hapa sina tena wa kubishana naye." Masanja naye akafuata malisho ng'ambo, upande wa Kamanga. Majani yakaota.

Nina upweke, Baba Zuhura. Sikufichi. Napika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki. Zuhura ameolewa Tabora na kila akija ananiambia, "Mama, twende ukakae na wajukuu." Mimi namsingizia mbuzi. Nitamwambiaje kwamba naogopa kuiacha kona?

Jioni hii wapimaji walipoondoka nilichukua debe. Niliteka nusu tu, nguvu ya zamani haipo, nikamwaga konani kati ya kigingi na kigingi. Vumbi likalala. Nikasimama na debe langu tupu. Msichana mmoja aliyekuwa anapita na kuni akasema, "Shikamoo bibi. Unamsubiri mtu?" Nikaitikia marahaba, basi. Machozi yakanitoka akiwa bado hajafika mbali.

Zuhura anakuja Ijumaa. Safari hii nitapanda naye treni. Mbuzi nimeshampa jirani, na watu wa viwanja watajenga wanachotaka kujenga.

Ila kuna jambo moja linanitesa. Wewe ni mtu wa kusimama. Hapa hajabaki hata mmoja wa kukujibu, kwa hiyo nakujibu mwenyewe mapema. Ukipita ukakuta kona kavu na mimi sipo, usizime pikipiki, mume wangu. Asha yuko Tabora, kwa mwanao.

Mkeo,
Mama Zuhura