Mbuzi ya Mjomba Haipunguzwi

Dzaleka, Malawi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu magoti yako, maana najua mvua ikianza njo yanakusumbua. Yanaendeleaje? Na nyumba, iko bado na mabati, ao wale wanaopita na bunduki wameyabeba? Redio ya huku leo inasema huko kwenu Uvira kimya, kesho inasema risasi, basi nimeiacha, namuuliza Mungu moja kwa moja. Mimi mtoto wako niko mzima, nimenenepa hata, na katika kambi hii nzima hakuna fundi wa nguo wa kunifikia. Usicheke. Huyu mama wa biashara anayekuletea barua kupitia Kigoma, umuulize ile blauzi aliyovaa kashona nani.

Nina habari kubwa, na naitoa mapema ili usiniombee vibaya: nimepata mchumba, na kwao wamekubali. Anaitwa Sifa, binti ya Muzee Asukulu wa Fizi. Anaimba kwaya, anapika sombe ya majani ya muhogo vile unapenda weye. Mama yake alikufa njiani wakati wanakimbia vita. Upande wa mama kumebaki mjomba mmoja tu, Mjomba Etiyene, anashona viatu soko ya Chilinde, kule Lilongwe. Huyo mjomba, Mama, karibu anifanye nizeeke bila bibi. Tena kosa lilikuwa langu.

Muzee Asukulu alitaja dote ya kumuoa binti yake: ngombe nane, na mbuzi moja ya mjomba. Ngombe nane! Hapa mtu akiwa na kuku wawili bantu banamuita patron. Kwa kuwa baba hayuko na bajomba zangu bote wako huko kwenu, nilimuomba Muzee Nikodemu, Murundi mmoja tunasali naye, awe mdomo wangu. Akakubali, lakini akaninyooshea kidole: "We kijana, siku ile kazi yako ni kukaa na kuangalia viatu vyako. Kusema ni kwangu." Nikajibu, "Ndiyo, Muzee." Wewe uliyenizaa unajua ndiyo yangu ina uzito gani.

Labda ningeweza, kama si yule agogo wa Area 47, mtaa wa Lilongwe. Agogo, njo vile Wamalawi wanamuita babu. Huyu alifundisha shule za misheni ya Waskoti mpaka akastaafu. Sasa amekonda, suti zake zinamzidi, na mi namwendea kila mara kuzipunguza. Siku moja, nikiwa na pini mdomoni, akaniambia Waskoti wa kale walikuwa na neno lao la kupunguza, si nguo hasa, malipo: defalk. Mizizi yake, akasema, ni mundu, ule wa kukatia majani. Baadaye wakalitumia kwa kukata sehemu ya kitu mtu anachodaiwa, tena kwa kumlegezea mtu, asibebe mzigo wote. Akanionyesha na mkono, fyeku, fyeku, mzee wa watu, karibu suruali imdondoke. Mama, neno lile lilinikaa ulimini kama asali. Nilirudi nalo Dzaleka nikijiona profesa.

Siku ya maneno ikafika. Ungemuona Muzee Nikodemu! Hakuomba apunguziwe, aa. Aliziongoza kwa mdomo tu zile ngombe kutoka kwetu, moja moja. "Bakwe zangu, tulizitoa zote nane. Hii ya kwanza ilifika mto Rusizi, ikaona majani mabichi, ikalala, ikakataa kuamka." Muzee Asukulu akacheka, akasema, "Iache, imechoka." "Hii ya pili ilifika ziwani, ikaogopa maji." "Iache, si samaki." Vile vile mpaka zikabaki tatu, na hizo tatu nitazilipa siku tutarudi kwetu. Bamama bakapiga vigelegele. Ilikuwa imekwisha, Mama. Ilibaki ile mbuzi tu, na mbuzi hakuna mtu aliigusa.

Mi njo nikaigusa. Nilisimama, nikakohoa kama mheshimiwa. "Bazee wangu, kule Skotilandi mambo haya yana neno lake. Defalk. Maana yake ya zamani ni mundu. Basi na hii mbuzi ya mjomba, tupige mundu hapo hapo, tumalize."

Mjomba Etiyene akanitazama.

"Mundu?"

"Ni mfano tu, mjomba."

"Mi nilikimbia bantu ba mapanga, nikapita Tanzania yote na miguu hii, nije kukuta mukwe ananiletea mundu?"

Akaokota kofia yake, akatoka. Shangazi ya Sifa akashika kichwa. "We kijana, nani alikulea? Ngombe ni ya baba, anaweza kuisamehe. Mbuzi ya mjomba haipunguzwi! Ile ni damu ya mama ya mtoto." Muzee Nikodemu hakuniangalia hata. Muzee Asukulu akafunga kikao kwa maneno machache: bila mjomba hakuna ndoa, vigelegele vimerudi vilikotoka, kila mtu aende kwake.

Kesho yake nilimkuta Sifa kwenye bomba ya maji na wenzake. "Profesa, umeamkaje?" Wenzake wakaanguka kicheko. Nikamwambia nitaenda kuongea na mjomba, nitamuelewesha. Akaweka ndoo chini. Hakucheka tena. "Usimueleweshe kitu. Mi sina mwingine upande wa mama. Ukimkosa yule, uoe hilo neno lako."

Basi nikaacha kueleza, nikatafuta mbuzi. Hapa nje ya kambi kuna mama mmoja Mmalawi mwenye zizi. Nilimshonea wajukuu wake wote uniforme za shule, na mapazia ya nyumba nzima, na kanzu ya kanisa, ndipo akanifungulia mbuzi moja. Aliichagua yeye, si mimi, na utaelewa hapo mbele. Nikaipakia kabaza, ile baiskeli ya kubeba watu, mimi nyuma, mbuzi kifuani. Njiani ikamla dereva kola ya shati. "Iwe!" analia, njo "wewe" ya Wamalawi, "mbuzi yako!" Nikamwambia atulie, amebahatika, aliye nyuma yake ni fundi bora wa Dzaleka. Kola nilimshonea pale pale barabarani, tukingoja lori ya nyanya ya kutufikisha mjini.

Mjomba nilimkuta Chilinde, kiatu katikati ya magoti, misumari mdomoni. Aliangalia kamba, akafuata kamba mpaka kwa mbuzi.

"Hii ni mbuzi ao paka?"

"Ni mbuzi, mjomba."

"Imekonda."

"Ilitembea sana, mjomba."

Akaendelea kugonga kiatu. Mi nikapiga magoti kwenye vipande vya ngozi. Maneno mazuri niliyoandaa toka Dzaleka niliyaacha, nikaanza kumuokotea misumari iliyoanguka. Mwishowe njo yeye akasema, macho yakiwa kwenye kiatu:

"Dada yangu nilimzika na mikono hii, bila sanduku. Nyumba ilienda. Mtumbwi ukaenda. Hakuna mtu alikuja kuniuliza, Etiyene, hiki tukitoe? Hii mbuzi njo kitu bantu banapaswa kuniuliza. Ni moja tu, kijana. Na we ukaitoa bila kuniuliza, ukicheka."

Nililia, Mama, sikufichi, sokoni mchana kweupe, mpaka muuza karanga akanipa karanga za bure. Mjomba akanivuta kola. "Simama bwana, unanifukuzia wateja. Watafikiri viatu vyangu vinaliza." Akafunga mbuzi kwenye mguu wa meza yake, akaniuliza kama nimekula. Tukala nsima, ule ugali wa huku, na maharagwe kwenye sahani moja.

Jumamosi akapanda mwenyewe Dzaleka, mbuzi mbele yake. Muzee Asukulu kwa furaha akataka kuniachia na zile ngombe tatu. Mjomba akakataa. "Zibaki. Nataka huyu awe na sababu ya kurudi kwetu." Hakuna aliyebisha. Ndoa ni kanisani, mahindi yakishavunwa.

Sasa sikia hili. Mbuzi ikachinjwa, na kwa Wabembe, kabila ya kina Sifa, paja yake ni ya mama ya bwana harusi. Nilijitolea kuila kwa niaba yako, bakanifukuza. Muzee Nikodemu akamsimamisha mahali pako bibi yake wa ndoa, Mama Leoniya. Akanawa mikono, akapokea na mikono miwili, akasema kwa sauti, "Napokea mimi, mama yake Byamungu." Bantu bote bakamuinamishia kichwa, maana pale waliona wewe. Nyama yako, anasema, ilikuwa ngumu, lakini alimaliza.

Unisalimie dada yangu mkubwa na batoto bake, shangazi wa Kiliba, na jirani yetu mpiga kengele wa kanisa. Huyo anayekusomea barua, umpe chai. Sifa anakusalimu, ameona aibu kuandika mwenyewe.

Mama Leoniya alipokea paja tu. Neno la kukubali alisema hawezi kulisema kwa niaba yako. Basi ukisikia hapa barua imefika mwisho, useme ndiyo, kwa sauti, hata kama ni jirani tu anasikia. Huku sisi wawili tutahesabu tumesikia.

Mwanao asiyekusahau,
Byamungu