Kovu Lililotudanganya

S.L.P. 61,
Githongo, Meru.
9 Machi 2011.

Mpendwa ndugu yangu Thuranira,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Doha, na joto linakuacha ulale? Mimi na watoto tu wazima. Mvua bado, ila mawingu yameanza kukaa mlimani.

Nimejaribu kukuambia haya kwa simu mara mbili, nikashindwa. Desemba nilisema kisigino cha Baba kimepona. Sikukuambia ukweli.

Kilikuwa na kinundu pale alipojikata kwa jembe. Hakikuwa cheusi, kilikuwa chekundu-chekundu, kigumu. Septemba daktari wa hapa alikikata, akakipeleka maabara. Jibu likaja kwamba ni kovu tu. Hata hivyo aliniita kando.

"Kathure, kovu halikui mwaka mzima. Mpeleke Nairobi, kipimo kirudiwe."

Nikamjibu kahawa inaiva, tutaenda tukimaliza kuvuna. Baba aliposikia alifurahi. Unamjua na hospitali.

Tulienda Januari, kinundu kimerudi na tezi ya kinena imevimba. Daktari wa Nairobi alitueleza polepole. Ni saratani ya ngozi iitwayo melanoma, lakini ya aina ya nadra. Seli zake mara nyingi huwa na weusi. Hizi hazikuwa nao, na kwenye hadubini zilikuwa ndefu, nyembamba, zimelala kama nyuzi za kovu. Zilijulikana tu alipozitia dawa maalum ya rangi. Hakumlaumu aliyezisoma kwanza, nami simlaumu. Mimi nilionywa, nikachagua kahawa.

Wamekata sehemu ya kisigino na kuondoa tezi, lakini ugonjwa umefika mapafuni. Nilimwomba Baba msamaha. Akasema, "Hata mimi nilitaka kuvuna, mwanangu. Tulikosa pamoja." Heri angenigombeza.

Bado anakula, na anatembea na mkongojo hadi langoni. Jana aliniuliza kama tikiti ya ndege huchukua siku nyingi kupatikana. Kabla sijajibu, akageuka akaanza kuongea na mbwa.

Shangazi Marcella anakusalimu, na Karwirwa wangu anauliza kama mjomba ana ndevu. Mungu akufungulie njia.

Njoo, Thuranira. Ukitaka kunigombeza nitakusikiliza mpaka umalize, lakini umwone Baba kwanza.

Dada yako anayekupenda,
Kathure