Lita Kumi na Nane za Bahari

Jumamosi, 7 Juni

Lita mbili nje, lita mbili ndani. Kama kila Jumamosi. Nimevua bangili ya shaba ya marehemu baba, nikaitundika msumarini, ndipo nikaingiza mkono kwenye tangi kubadilisha maji. Karatasi ya masharti ya Kabula iko ukutani. Namba tano: shaba ni sumu kwa viumbe hawa, hata chembe. Binti yangu anasomea mambo ya bahari huko pwani. Mimi nasomea kutii.

Konokono watatu, wazima. Kamba mmoja, mzima, mwoga kama mimi. Vipande viwili vya matumbawe, kimoja kijani, kimoja rangi ya chungwa, vyote vimefunguka. Kasamaki kamoja, urefu wa kidole cha mwisho. Nimeandika yote kwenye daftari jeusi. Hilo ni la Kabula, kazi yake ya mwaka wa mwisho: je, matumbawe yataishi kwenye maji ya kutengeneza, mbali na bahari? Tangi moja liko chuoni. La pili liko hapa Bariadi, sebuleni kwetu, juu ya stuli ya Mama Kabula. Daftari hili la pili ni langu. Halimhusu mtu.

Tulilijenga Desemba, la lita kumi na nane. Vioo kwa fundi madirisha, gundi ya silikoni, likavuja mara tatu. Halafu mawe matupu kwenye maji ya mvua yaliyotiwa chumvi ya bahari, miezi minne, mpaka Kabula alipoleta viumbe Pasaka. Mama Kabula aliliita kaburi. Akipita na ufagio: "Hujambo, kaburi."

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa, watu tisa sebuleni. Wamekuja kuonja bahari. Ujinga huu niliuanza mwenyewe. Nachota chumvi kwenye kopo la Kabula, nakoroga kwenye kikombe, kila mtu anapata kijiko. Wengi hawajawahi kuiona bahari. Wanakunja uso, wanacheka, wanaomba tena. Najisikia mkuu wa bandari.

Katekista ameomba kidogo ampelekee mama yake kijijini Mwamapalala. Nikamfungia kwenye karatasi. Wengine nao wakanyoosha mkono. Ningemnyima nani? Nimewafungia wote. Sifa ni kitu kitamu sana.

Ijumaa, 13 Juni

Kopo limeisha. Nimeligonga, limetoa vumbi. Kabula alisema litafika Agosti, "labda ulile, baba". Sikulila. Nimeligawa.

Chumvi ile haipatikani hapa. Nimeshika simu mara mbili, nikaiweka. Nimwambie nini? Kwamba nimewalisha watu bahari kwa kijiko? Na kesho ni Jumamosi.

Jumamosi, 14 Juni

Mama Kabula ana ng'ombe wawili wa maziwa. Stoo kuna ndoo ya chumvi yao. Nimefikiri hivi. Chumvi ya jikoni ni chumvi tu. Ya ng'ombe ina madini. Bahari nayo ina madini. Na Msukuma hawezi kumpa ng'ombe wake kitu kibaya. Hoja safi, ningeitetea hata mbele ya hakimu.

Gramu sabini kwenye mizani ndogo, maji lita mbili. Yakaingia ukungu, yakatulia. Kile kioo kinachoelea, cha kupimia chumvi, kikasimama palepale pa kila wiki. Nikapiga makofi peke yangu, nikayamimina tangini. Bangili nilikuwa nimevua kwanza, bila shaka. Mimi ni mtu wa utaratibu.

Kwenye daftari jeusi nimeandika: chumvi, ya kopo. Herufi zimenyooka kama za kila wiki. Hilo ndilo linalonishangaza.

Jumatatu, 16 Juni

Konokono wawili wameachia kioo, wako chali. Kamba kalala ubavu. Matumbawe yamejifunga kama ngumi. Kasamaki kanazunguka, kananitazama.

Mama Kabula ameuliza kama wametuchoka. Nikasema baridi.

Jumanne, 17 Juni

Kamba amekufa. Konokono wote watatu wamekufa. Kile kipande cha rangi ya chungwa kinayeyuka kama ute, cha kijani kinafuata.

Nimempigia Kabula. Nimesema umeme ulikatika Jumapili kutwa, pampu ikasimama. Haukukatika. Siku ile niliangalia mpira kwenye runinga. Ile chumvi naishuku, lakini sikuitaja.

"Pole baba. Usijilaumu."

Pole kapewa nani! Baada ya simu nikaandika umeme wangu kwenye daftari jeusi, pamoja na saa zake. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Uongo ukiuwekea saa unapendeza kabisa.

Alhamisi, 19 Juni

Kazini. Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi, na msimu wa pamba umepamba moto. Mkulima mmoja wa Mwamapalala kaweka mzigo wake juu ya mizani, kageuka kupiga soga. Nikamwambia, njoo utazame mwenyewe.

"Nitazame nini? Wewe ukishasema, imeisha."

Mizani haina mjomba. Huo ndio msemo wangu, miaka kumi na saba, watu wameniita hivyo mpaka kwenye harusi. Leo nimeshindwa kuutamka.

Kaniletea na salamu za mama wa katekista. Bahari imefika salama. Mama huyo kaitia kwenye mlenda. Watu wakavunjika mbavu. Nilicheka nao, nikainama kuandika kilo.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi Mama Kabula katoka stoo na ndoo.

"Baba Kabula, hawa ng'ombe wangu siku hizi wana funguo? Chumvi imepungua."

Nikajifanya natafuta miwani. Tumeoana miaka ishirini na sita. Kujifanya kwangu anakusoma kama tangazo. Akatazama ndoo, akatazama tangi.

"Umewapa konokono chumvi ya ng'ombe? Ulitaka uwakamue?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kidogo. Kisha akaenda kuleta mfuko iliokuja nao chumvi ile, nikavaa miwani nisome. Kalsiamu. Fosforasi. Zinki. Shaba.

Shaba.

Kila Jumamosi navua bangili ya mzee kwa heshima zote. Halafu nimeimimina shaba yenyewe kwa mkono uleule.

Aliponiona uso aliacha kucheka. Akauliza kama Kabula anajua. Hajui. Utamwambia lini? Kesho, nikasema.

Jumapili, 22 Juni

Jana sikumwambia. Nilikuwa na kazi nyingi. Sikuwa na kazi.

Leo kapiga yeye. Sauti imechoka. Anaamini kosa ni lake, kwamba vile vipande alivikata vidogo mno, ndiyo maana havikuhimili umeme kukatika. Ameshaandika hivyo. Jumatano anasimama mbele ya walimu wake kuitetea kazi, na kurasa za daftari jeusi, ninazompigia picha kila wiki, ziko ndani.

"Angalau namba zako ni safi, baba."

Mama Kabula alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Nikasema, Mungu akubariki, ng'wanawane. Nikakata.

Ng'wanawane! Unamlisha mtoto sumu halafu unamwita mwanangu, tena kwa Kisukuma, ili iwe tamu zaidi. Naona aibu. Nimetafuta neno lingine la kuchekesha, sina.

Jumanne, 24 Juni

Nimemwambia. Saa saba mchana, nyuma ya ghala la pamba, nimesimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikaanzia kwa katekista na mama yake, nikasikia ninavyozunguka, nikakata njia. Niligawa chumvi yako. Nikatia ya ng'ombe. Ina shaba. Umeme haukukatika. Kwenye daftari lako nimeandika uongo mara mbili.

Akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani:

"Uliweka kiasi gani?"

Gramu sabini, lita mbili.

"Ulipima au unakisia?"

Nilipima.

"Basi andika."

Akakata bila kuaga. Nilirudi kwenye mizani. Watu walikuwa wengi, namshukuru Mungu kwa hilo.

Jumatano, 25 Juni

Kapiga jioni. Amesimama, amewaambia tangi la Bariadi lisihesabiwe. Kanisomea sentensi yenyewe: mtunzaji alitumia chumvi ya mifugo na kuandika tofauti. Jina langu halimo. Ila ukurasa wa shukrani ulikuwa umeshachapwa: kwa baba yangu, mtunzaji mwaminifu wa tangi la Bariadi. Mwalimu mmoja kausoma kwa sauti. Ukumbi ukacheka.

Yeye hakucheka. Wamempa miezi sita arudie sehemu hiyo. Wenzake watamaliza, yeye atabaki.

Atakata vipande vipya Septemba. Hakusema vitatunzwa na nani. Sikuuliza.

Jumamosi, 28 Juni

Mzigo kutoka kwa Kabula umefika kwa basi. Nilitegemea kopo. Ni pakiti ndogo za chumvi, nane, kila moja imepimwa na kufungwa, kila moja imeandikwa tarehe ya Jumamosi yake. Nilizipanga mezani, nikazitazama muda mrefu. Anaendelea kunipa kazi. Kopo hanipi tena. Ni haki yake.

Katekista kapita na wageni wawili wa kuonja. Nikawaambia bahari imefungwa. Wakanywa chai.

Nimezirudia kurasa zote mbili za uongo. Sikuchana kitu. Nimepiga mstari, nikaandika ukweli pembeni, nikatia sahihi. Kisha hesabu ya leo. Konokono, sifuri. Kamba, sifuri. Matumbawe, sifuri. Samaki, mmoja, anakula. Bangili iko msumarini tangu ile Ijumaa.

Lita mbili nje, lita mbili ndani. Kile kioo cha kupimia kilipotulia nikamwita Mama Kabula aje atazame mwenyewe. Akafuta mikono kwenye kanga, akainama, akaisoma namba kabla sijaitaja. Nikaandika aliyoisoma yeye.