Mchumba wa Mwanangu Ananiuliza Baba Aliacha Lini

Shangazi mpendwa, mimi si mtu wa kuandikia magazeti, kazi yangu ni cherehani, lakini hili limenikwama kooni, halimezeki wala halitemeki, naomba unisaidie. Mwanangu wa pekee yuko mwaka wa tatu chuo kikuu na ana mchumba anayesoma naye, binti mgeni kutoka nchi nyingine, mpole, ananiita mama, nami nilimpenda tangu siku aliponipokea mkasi akaanza kukata nyuzi bila kuambiwa. Juzi alikuja nimpime gauni la harusi ya rafiki yao, akataka mikono mirefu na shingo ya kufunga, na joto lote hili, nikamtania kwamba labda kwao kuna barafu, lakini nilipompitishia tepu mbavuni akashtuka akauma mdomo, na nilipomwinua mkono nikaona alama za vidole zilizoanza kugeuka njano, wala sikuhitaji kuambiwa, maana mikono mirefu ya namna hiyo nimeishona sana, na mvaaji nilikuwa mimi.

Akasema mwenyewe. Mwanangu humpokonya simu asome kila kitu, hataki aongee na wenzake wa darasani, akinywa ndiyo basi tena, na akishampiga hulia na kumpigia magoti, anamwambia hata baba yake yeye mwanangu alikuwa hivyo akabadilika. Nilidhani kwao angepata wa kumtetea, kumbe amemweleza mama yake mdogo kwa simu akajibiwa kwamba mwanamume asiye na wivu hana mapenzi, yale yale niliyoambiwa mimi na mama mkwe, tofauti ni lugha tu. Kisha akanishika mkono, akaniuliza, "Mama, baba aliacha lini?"

Nilikuwa na pini mdomoni, nikazing'ang'ania humo humo hadi akachoka kungoja. Ukweli ni kwamba marehemu mume wangu alipooza upande wa kulia, ndipo majirani wakasema amekuwa mpole, na mtoto akaamini. Jumamosi binti anarudi kuchukua gauni. Nikisema ukweli nitampoteza mwanangu, na ndiye pekee wa kunizika.

Fundi cherehani

*

Fundi, mwenzangu, pole sana, kwa miaka yote ambayo hakuna aliyekuuliza kitu. Barua yako niliiweka chini nikaenda kunywa maji kwanza.

Sasa nikugombeze. Wewe unawaza nani atakuzika, mimi namuwaza huyo binti, mbali na kwao, mbavu zinamuuma na hana wa kumwambia ila mama wa anayempiga. Watakaokutupia ile ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, waache, hukumfundisha wewe. Alijifunza kwa kuona, ndiyo, na pombe na wivu vinachochea. Lakini wapo wengi waliokulia kwenye vilio kama hivyo wakaapa kutoinua mkono, na hawajauinua. Mwanao asijifiche nyuma ya kaburi la baba yake.

Usingoje Jumamosi. Mwite binti leo, aje peke yake, kijana asijue. Aende hospitali hizo mbavu zipigwe picha na daktari aandike alichokiona, kisha amwone mshauri wa wanafunzi chuoni. Asiende kuagana na kijana ana kwa ana, wengi huumizwa zaidi hapo hapo. Vitu vyake wakavichukue wenzake. Binti akishakuwa salama, na akikubali, ndipo umwite mwanao umwambie kwamba unajua, kwamba hutamwombea msamaha kwa mtu, na kwamba mlango wako uko wazi siku atakayotafuta msaada wa kuacha kupiga. Anaweza kukususa mwaka mzima. Utalia, fundi, sikudanganyi.

Ila swali umeulizwa wewe, na mwingine wa kulijibu yuko kaburini. Mwambie binti kwamba baba hakuacha. Mkono ndio ulioacha.