Nyota Kati ya Pembe za Mwezi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa sababu nyumba yetu imenuna na chanzo ni mimi. Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mwanasayansi anayechunguza anga za juu, basi nikaona nitunge kitabu cha picha kuhusu maisha yake, tangu utotoni alipokuwa akipanda juu ya tangi la maji kutazama mbingu mpaka mama yake amfokee ashuke, nikachora kila ukurasa kwa rangi za maji bila kumwonyesha, maana nilitaka kumshangaza, na kweli alishangaa, kwani alilitazama jalada, akaliweka mezani, akaniuliza, "Wifi, hii nyota imepita wapi?" Nilikuwa nimechora mwezi mwembamba wenye nyota moja inayong'aa katikati ya pembe zake, naye akanieleza kwamba pale penye giza si patupu, ni mwezi ule ule usiomulikwa na jua, kwa hiyo nyota iliyo nyuma yake haiwezi kuonekana, nikacheka nikamwambia, "Nawe wifi! Hicho ni kitabu cha watoto tu," akanijibu, "Ndiyo maana nakuambia," kisha akataka jina lake liondolewe, ilhali mchapishaji amelipenda jalada hilo kuliko kurasa zote na anasema watoto hawatajua, mume wangu naye anakula kimya na kuondoka, kitabu kinaingia mtamboni wiki ijayo, na rangi ya maji haifutiki. Je, nimbembeleze wifi, au niliondoe jina lake nidai kwamba mwanasayansi huyo ni wa kubuni?

Mchoraji Aliyekwama

Mchoraji,

Pole kwa nyumba iliyonuna. Kwa jalada sikupi pole.

Umechora maisha ya mtu ambaye kazi yake ni kutazama vizuri, na wewe mwenyewe hukutazama. Alipokuonyesha, ukamcheka. Hilo ndilo lililomuuma, wala si nyota. Mtoto atakayekipenda kitabu chako atatoka nje kuutazama mwezi, kama wifi yako alivyofanya. Ataitafuta nyota yako na hataiona. Unataka amwone nani mwongo?

Habari ya mwanasayansi wa kubuni iache kabisa. Huwezi kuchukua utoto wa mtu, ukamfuta mwenyewe kwa sababu amekusahihisha.

Kamwombe radhi leo, na usiweke neno "lakini" popote. Kisha tandika karatasi mpya uchore jalada upya. Kama rangi haifutiki, karatasi zipo. Mchapishaji akikunja uso, mwambie hakuna jalada jingine utakalompa. Atakunjua, kwa kuwa hana kingine cha kuchapisha. Mume wako mwache ale.

Halafu mpe wifi yako kurasa zote azikague mmoja mmoja, nawe ukae karibu naye, unyamaze. Akikuta kosa jingine, usiniandikie. Chora tena.