Watoto wa Kapteni Mudie

Pittenweem, Scotland, 4 Machi 1974

Mwanangu Ishbel,

Salamu zikufikie huko Virginia ukiwa mzima. Sisi hatujambo, ila upepo wa bahari unatung'olea vigae.

Nimewaambia akina mama wa kanisani habari za Kapteni Mudie wa ukoo wetu, kijana wa hapa hapa aliyekuwa ofisa wa meli za kivita za mfalme, Amerika ikiwa bado koloni. Jean Geddes akaguna: "Ofisa? Akina Mudie si wapasua samaki?" Nikamjibu, "Subiri Juni, Jean, utameza ulimi." Mchungaji amenipa nafasi ya kuzungumza kwenye chai ya Juni. Kofia nimeshanunua! Wewe msomi wangu uko huko huko alikozikwa. Nitafutie wajukuu wa wajukuu zake.

Mama yako anayejivunia wewe

Norfolk, Virginia, 21 Aprili

Mama mpendwa,

Natumai u mzima. Wajukuu nimewapata. Mkewe hakuzaa, lakini mtunza makaburi aliniambia, "Akina Mudie? Wamejaa ng'ambo ya mto." Mama, ni watu weusi. Bibi yao Odessa, mwalimu mstaafu, alinifungulia mlango akicheka: "Hatimaye upande wa Scotland umekuja kula! Kaa, binti."

Tukiwa mezani akanieleza. Wametokana na Dinah, mtumwa wa Kapteni. Alimzalisha watoto, kisha akamuuza mmoja wao, Walter, angali mdogo. Tangu hapo kila kifungua mimba wa kiume kwao huitwa Walter, "ili akirudi atukute tunamwita."

Anataka kuja kwenye chai yako. Nimpe anwani?

Binti yako

Pittenweem, 6 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako nimeisoma jikoni, mlango nimeufunga. Usimpe anwani. Mwambie mama anaumwa kifua, hapokei wageni. Si kwa sababu ni weusi. Au ndiyo hiyo, sijui. Kapteni huyu nimemsifu mpaka kwa muuza mikate, na Jean atanicheka mpaka kaburini.

Mama yako

Norfolk, 2 Juni

Mama,

Nimemwambia. Alinitazama, akasema, "Haya, binti." Jumapili akanipeleka kanisani kwao. Wakasimama wote wakakuombea kwa jina: Euphemia Mudie, ndugu yetu mgonjwa. Nami nikaitika amina.

Sitakudanganyia tena.

Ishbel

Pittenweem, 19 Juni

Ishbel,

Leo sina uso wa kukusalimu. Chai imefanyika. Nilieleza meli, sare, vifungo vya shaba, nikapigiwa makofi. Kisha Jean akauliza, tena kwa upole, "Na watoto je, Euphemia?" Nikasema hakuacha. Wote wakasikitika, Jean akanishika mkono: "Pole, jamani, ukoo kukatika hivyo." Pole nikapewa mimi, Ishbel! Walter nani alimpa pole?

Nikasimama tena. Nikasema nimewadanganya: watoto anao, mmoja alimuuza, waliobaki nimewakana mimi. Mchungaji akaitazama keki yake. Hakuna aliyepiga makofi. Jean alinisindikiza hadi nyumbani.

Humu ndani kuna barua kwa Odessa, umpelekee. Nimemwandikia kwamba siumwi na sikuumwa, na sababu nimeitaja. Nilipofika pa kutia jina, kalamu ilikataa. Kuandika "ndugu yako" niliona haya. Nimepaacha wazi. Muulize aniiteje, lolote atakalosema, nitaitika.

Mama yako, kama bado unanitaka