Wameombwa Wajizuie

Bunia

Yaya Justin, kaka yangu,

Nakusalimia weye na shemeji na watoto. Mama anaendeleaje na miguu yake? Miye niko muzima wa mwili tu. Ukae chini kwanza, na usisome kwa sauti.

Unajua kile Kiingereza nilichojifunza ng'ambo ya ziwa ndicho kinanipa kazi: nawatafsiria askari wa kigeni hapa karibu na uwanja wa ndege. Juma lililopita mukubwa wao alinipeleka kwa komanda wa wale wapiganaji wanaoshikilia barabara ya mashamba. Alitaka kumwambia kwamba watu wake wanatakiwa "refrain" kupiga raia risasi. Neno hilo likanikwama. Nikamuuliza mukubwa, "Ni kukataza ao ni kuomba?" Akafikiri, akasema ni neno la adabu: mutu anaweza kutenda jambo, lakini anajishika mwenyewe asilitende.

Nikamwambia komanda, "Anaomba mujizuie."

Komanda akacheka. "Na tukishindwa kujizuia, atafanya nini?"

Nikatafsiri. Mukubwa akajibu kwamba ataandika ripoti. Komanda akatuitishia chai, tukakunywa.

Kesho yake mudogo wetu Neema akasema anakwenda shambani kuchuma sombe, yale majani ya muhogo, maana watoto wake walikuwa wanalia njaa chini ya bashi, turubai lao la ukimbizini. Nikamwambia, "Usiende. Jana nilikuwa kwao, nimewaona sura."

Akanijibu, "Weye unakula kwa askari, Yaya. Siye tukule nini?" Akafunga kitenge, akaenda na wenzake.

Wenzake walirudi. Yeye tulimukuta kando ya barabara, kapu bado tupu. Tulimuzika palepale, mbiombio, bila pasta.

Nilienda kwa mukubwa. Alivua kofia, akasema pole, kisha akasema, "Lakini tuliwaomba wajizuie." Hakusema uongo. Asubuhi nikarudi kazini, maana watoto wa Neema sasa wako kwangu.

Njia zimefungwa pande zote, sioni namna ya kuwaleta huko kwenu. Barua hii anaibeba mama mumoja muuza samaki. Sijui kama yeye mwenyewe atafika.

Unisalimie baba mudogo katekista, na shangazi anayetunza Mama. Mama umwambie weye mwenyewe, Yaya. Umwambie muchana, akiwa amekwisha kula.

Ni miye mudogo wako,
Faustin